Sindano tunailaani, mbegu tunaishangilia

Kuna samaki mdogo wa maji baridi kutoka Asia ya Kusini ambaye mwili wake unapitisha mwanga. Uti wa mgongo unauona, mbavu unaziona, hata kifuko cha hewa unakiona. Wafugaji humwita samaki kioo. Jina lake la kisayansi ni Parambassis ranga. Uzuri wake ni huko kukosa rangi. Lakini kwa miaka mingi ameuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo akiwa na mistari ya waridi, kijani au buluu inayong'aa juu ya mgongo na chini ya tumbo, na wanunuzi wengi wameamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Hakuzaliwa hivyo. Alishikwa mkononi, akachomwa sindano mara kadhaa, na kila mara akaachiwa rangi chini ya ngozi.

Ukiuliza kama hiyo ni haki, jibu huja kabla hujamaliza swali: ni ukatili. Wafugaji wazoefu wakimwona samaki wa namna hiyo dukani hununa, na wengine hutoka bila kununua hata chakula cha samaki. Nakubaliana nao. Kinachonisumbua ni kwamba baadhi yao, wakirudi nyumbani, wanapokewa na samaki dhahabu asiyeona mbele yake kwa sababu macho yake yamegeukia juu, au na samaki aitwaye kasuku mwekundu, asiyeweza kufumba mdomo. Hao hawakuchomwa na mtu. Wamezaliwa hivyo kwa sababu binadamu aliwachagua wazazi wao akiitafuta sura hiyo hiyo. Mjadala mzima wa kuwarembesha samaki umesimama juu ya mpaka kati ya urembo wa asili na urembo wa bandia, nami naona mpaka huo umewekwa mahali pasipo pake. Swali lenye uzito ni samaki analipa nini ili apendeze, na analipa kwa muda gani.

Tuanze na sindano, maana ndiyo rahisi kuihukumu. Samaki kioo wa dukani ana urefu wa sentimita chache tu. Sindano ambayo kwetu ni nyembamba, kwake ni kama mtu achomwe kwa kitu chenye unene wa penseli, tena si mara moja. Kazi yenyewe hufanywa kwa wingi, samaki baada ya samaki, na sindano inayopita katika miili mingi haibebi rangi peke yake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza miaka ya 1990 uliwalinganisha samaki kioo waliotiwa rangi na wenzao wasioguswa. Zaidi ya asilimia 40 ya waliotiwa rangi walikuwa na dalili za limfosisti, ugonjwa wa kirusi unaoota vinundu vyeupe kwenye ngozi na mapezi. Kwa wasioguswa ilikuwa takriban asilimia 10. Ugonjwa huo kwa kawaida hauui. Lakini pengo la namna hiyo ni vigumu kulieleza bila kuitaja sindano.

Ipo njia nyingine, ambayo mnunuzi ni vigumu zaidi kuishtukia. Huchaguliwa samaki wa rangi hafifu, kama tetra weupe au wale waliozaliwa zeruzeru. Samaki huchovywa kwenye dawa kali inayoondoa ute wa mwili, kisha kwenye rangi, kisha kwenye dawa nyingine inayoichokoza ngozi ili itoe ute mpya na kuifungia rangi ndani. Asiyefuga samaki anaweza kuudhani ute huo ni uchafu wa utelezi tu. La hasha. Ndio ukuta wa kwanza dhidi ya bakteria, kuvu na vimelea. Tena mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji hujipenyeza ndani mwake usiku na mchana, na ngozi yenye ute ni sehemu ya kinachoyazuia. Kumvua ute ni kumwacha bila mlango wakati wezi wako nje na mvua inanyesha.

Na baada ya mateso yote hayo, rangi haidumu. Miezi inapita, mstari wa waridi unafifia, na samaki anarudi kuwa wa kioo, kama atakuwa bado hai. Aliyemtia rangi ameshalipwa zamani. Aliyemnunua anashangaa. Aliyebeba mzigo wenyewe hakupata chochote, wala hakukusudiwa kupata.

Sasa tuwasikilize wanaotetea, maana wapo, na si wote wajinga. Husema kwanza kwamba samaki aliyetiwa rangi akipona hula, huogelea na kuishi na wenzake kama kawaida. Ni kweli kwa wanaopona. Wanaokufa njiani hawafiki dukani kuhesabiwa. Pili husema kwamba mnunuzi ndiye anayetaka rangi, na mfugaji mdogo anafuata soko. Hapo pia kuna ukweli. Ila soko hilo limejengwa juu ya kutosema. Weka kibao kwenye tangi, "samaki hawa wamechomwa sindano", uone wangapi watanunua.

Hoja yao ya tatu ina meno. Binadamu anavua samaki kwa ndoana, anawavuta kwa nyavu, anawaacha wafe kwa kukosa pumzi juu ya sitaha, kisha anawala. Mtu wa kitoweo cha samaki anapata wapi mdomo wa kumlaumu anayewatia rangi wachache? Nakiri hoja hii inauma. Anayelia juu ya samaki kioo na hajawahi hata siku moja kujiuliza yule wa kwenye sahani alikufaje, ana la kujibu. Lakini inachothibitisha ni kwamba tunawadhulumu samaki kwa njia nyingi, si kwamba njia hii ni halali. Na kuna tofauti: chakula ni haja, mtu anaweza kubishana kuhusu ukubwa wake; mstari wa waridi utakaofutika baada ya miezi si haja ya mtu yeyote.

Hoja ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: samaki haumii. Mwaka 2002 James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming aliandika kwamba maumivu, kwa maana ya hisia anayoitambua mwenyewe anayeumia, yanahitaji sehemu za ubongo ambazo samaki hana, hasa gamba la nje la ubongo kama la binadamu. Mwaka 2016 Brian Key wa Australia aliishikilia hoja hiyo hiyo kwa nguvu. Kwa mtazamo wao, samaki anayepapatika anafanya kama mkono unaojiondoa kwenye moto kabla mwenyewe hajajua ameungua, isipokuwa kwake hakuna "mwenyewe" wa kujua baadaye.

Upande wa pili yupo Lynne Sneddon na wenzake, ambao mwaka 2003 walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana vipokezi vya neva vinavyoitika jeraha, joto kali na kemikali. Walipowachoma midomoni sumu ya nyuki au tindikali iliyomo kwenye siki, trauti walipumua kwa kasi, walichelewa kwa saa kadhaa kurudi kula, na waliopewa tindikali walisugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa mofini, tabia hizo zikapungua. Mwili ambao hauna maumivu ungefaidika nini na dawa ya maumivu? Wapinzani wana jibu hata kwa hilo: mofini inaweza kutuliza itikio la neva bila kuwepo hisia yoyote. Mjadala haujafungwa.

Mwaka 2019 ukaongezwa ukurasa ambao, kwa mada yetu, una kejeli ya aina yake. Masanori Kohda wa Japani na wenzake walimchukua samaki mdogo wa matumbawe, yule anayewasafisha wenzake kwa kuwala vimelea, wakamchoma chini ya koo alama ya rangi ya kahawia inayofanana na kimelea. Hakuweza kuiona isipokuwa kwenye kioo. Walipowekewa kioo, baadhi ya samaki hao walijitazama, wakashuka chini wakasugua koo. Alama ikiwa haina rangi, hawakusugua. Bila kioo, hawakusugua. Frans de Waal, aliyetumia maisha yake kuchunguza tabia za nyani, alishauri tusikimbilie kusema samaki huyo anajitambua kama sokwe anavyojitambua, na ushauri wake ni wa busara. Hata hivyo ni jambo la kutafakari kwamba ushahidi mmojawapo wa kuonyesha samaki anajali kilichopo mwilini mwake umepatikana kwa kumtia doa la rangi kwa sindano.

Hapo mtetezi anadakia: kumbe wanasayansi nao wanachoma! Wanachoma. Ipo rangi ya mpira laini ambayo watafiti huiweka chini ya ngozi ya samaki ili wamtambue kesho na keshokutwa, wajue anakua vipi na anahamia wapi. Kitendo ni kile kile kwa macho. Lakini wao hutumia ganzi, hutunza usafi, huweka alama ndogo, na mara nyingi wanachotafuta ni habari za kulinda samaki wa aina hiyo hiyo. Mimi sisemi sindano ni haramu. Nasema sindano ina hesabu yake, na hesabu ya samaki kioo haitoki upande wowote ule utakaoianzia. Hata Rose na Key wakiwa sahihi asilimia mia, vinundu vya limfosisti na ngozi iliyovuliwa ute vinabaki palepale.

Kwa hiyo uchoraji wa maua na herufi kwenye ubavu wa samaki kwa leza, na ukataji wa mkia ili samaki kasuku awe na umbo la moyo, sitavijadili kwa kirefu. Mkia ni chombo cha kuogelea. Aliyeukata ameondoa kiungo ili kuuza umbo. Vivyo hivyo anemoni, wanyama laini wa baharini wenye minyiri, wanaotiwa rangi ya manjano: ndani ya mwili wao wanaishi mwani wadogo wanaowalisha kwa kutumia mwanga, na anemoni aliyepoteza mwani hao akapakwa rangi anakufa njaa taratibu huku anapendeza.

Mambo yanaanza kuwa magumu tukifika Japani, mkoa wa Aichi, kwa samaki dhahabu aitwaye jikin. Anatakiwa awe mweupe mwili mzima, na wekundu ubaki mahali maalumu tu: midomo, vifuniko vya mashavu, mapezi na mkia. Kwa asili samaki hatoki hivyo. Mfugaji hukwangua magamba ya samaki angali mchanga, kwenye sehemu zisizotakiwa kuwa nyekundu, ili magamba yatakayoota upya yawe meupe. Ni ufundi wa kurithishana, na jikin analindwa kisheria mkoani humo kama hazina ya asili. Anayewalaani wauza samaki kioo kwa nguvu zote akifika hapa sauti hushuka. Utasikia maneno kama urithi, subira, sanaa. Kweli kuna tofauti: mkwanguaji wa jikin anamjua kila samaki wake, anamuuguza, na matokeo hudumu maisha yote. Ila gamba likikwanguliwa limekwanguliwa, awe aliyekwangua ni fundi wa ukoo au kibarua wa kiwandani. Naona kosa hapa ni dogo. Kusema halipo siwezi.

Sasa mbegu, yaani sura inayotafutwa kwa kuchagua wazazi. Wachina walianza kuwafuga samaki dhahabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kuanzia enzi ya ukoo wa kifalme wa Song wakawachagua kwa rangi na umbo. Kilichotokea ni moja ya kazi kubwa za ufugaji duniani: kutoka samaki mmoja wa kijivu aliyefanana na kambare wa rangi ya matope kwa kutovutia kwake, pakatoka aina kwa aina. Nyingi hazina tatizo lolote. Rangi nyekundu, madoa, mkia mrefu wa wastani, hayo samaki hayamgharimu kitu ndani ya tangi lisilo na adui.

Lakini mtazame yule wa macho mapovu akila. Chini ya kila jicho ana mfuko wa ngozi nyembamba uliojaa maji, mkubwa karibu kama kichwa chake. Hana pezi la mgongoni la kumsawazisha. Akisogea, mifuko inayumba. Akisimama, inaendelea kuyumba. Macho yamesukumwa yatazame juu, kwa hiyo punje ya chakula iliyotua mbele ya pua yake haioni. Anaisaka kwa harufu, anaikosa, anarudi nyuma, anaipata kwa kuigonga. Wenzake wa kawaida wakiwemo humo, hapati. Jiwe lenye ncha linaweza kuupasua mfuko, na mdomo wa mashine ya kuchuja maji unaweza kuunyonya. Mwongozo wa kumfuga ni orodha ya vitu vya kuondoa kwenye tangi.

Kasuku mwekundu naye alianza kuonekana Taiwan miaka ya 1980, chotara wa samaki wa jamii ya sichlidi. Mdomo wake umebana kama tundu na haufungi sawasawa, hivyo hutumia koo kusaga chakula. Madume wengi ni tasa. Na ndiye huyo huyo anayepakwa rangi za peremende, anayechorwa kwa leza na kukatwa mkia uwe moyo. Yaani aliyezaliwa na kasoro ya kutengenezwa akaongezewa nyingine kwa mkono. Samaki aitwaye molly wa puto ana uti wa mgongo uliofupishwa mpaka tumbo limejitokeza mbele. Samaki betta wa maonyesho, ambaye babu zake wa mabwawa ya Thailand wana mapezi mafupi, amepewa mkia unaofunguka nusu duara. Baadhi yao hugeuka wakautafuna wenyewe.

Utetezi wa mbegu una nguvu kuliko wa sindano, na lazima usemwe vizuri. Hakuna aliyemjeruhi samaki huyu. Hajui mwili mwingine. Kwenye tangi hana wa kumkimbia, kwa hiyo udhaifu ambao ungemuua mtoni hapa hauna madhara makubwa. Na mwanafalsafa ataongeza: bila uchaguzi ule, samaki huyu asingekuwepo kabisa, je, mtu anaweza kudhulumiwa kwa kuzaliwa? Swali zuri. Mimi nalijibu kwa kuwaangalia wanaofuata. Aliyekwisha kuzaliwa hatuwezi kumfanyia lolote zaidi ya kumtunza. Lakini kesho mfugaji ataweka tena dume na jike pamoja, na hapo hakuna samaki wa kudhulumiwa wala kuokolewa, kuna uamuzi tu. Kuchagua tena jicho lisiloona mbele ni kuchagua.

Jambo jingine halizungumzwi sana. Jike mmoja wa samaki dhahabu hutaga mamia mpaka maelfu ya mayai, na wanaokaribia kigezo cha maonyesho ni wachache. Waliobaki huchambuliwa na kutupwa, duru baada ya duru, mpaka wabaki wateule. Ndivyo ilivyo pia kwa koi, samaki wa mapambo wa Kijapani. Ukiyaweka hayo kwenye mizani, aliyemchoma sindano samaki kioo ameharibu samaki aliyemshika. Mfugaji wa aina zilizopita kiasi anaharibu kizazi baada ya kizazi na kutupa wasiofanana na kasoro anayoitaka. Sindano humalizikia kwa mmoja. Mbegu hurithiwa.

Kisha kuna jeni. Mwaka 1999 Zhiyuan Gong na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichukua jeni la samaki jeli, ambaye kwa kweli si samaki, linalotengeneza protini ya kung'aa kijani, wakaliingiza kwenye yai la zebrafish, kisamaki chenye milia kutoka Asia ya Kusini. Nia ilikuwa kupata samaki atakayewaka penye uchafuzi wa maji. Kampuni ya Kimarekani ikaona biashara, na mwishoni mwa 2003 samaki hao wakaingia sokoni kwa jina la GloFish. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema haina sababu ya kuwadhibiti kwa kuwa hawaliwi. California iliwazuia mpaka 2015. Umoja wa Ulaya hauwaruhusu hadi leo.

Kwa wengi hawa ndio kilele cha ubandia: jeni la baharini ndani ya samaki wa mtoni, kwa ajili ya pambo! Lakini muulize samaki mwenyewe amelipa nini. Hakuchomwa, rangi ameirithi kwa wazazi, kama samaki dhahabu alivyorithi wekundu. Haifutiki. Anaona, anakula, anaogelea sawa na mwenzake wa milia. Kwa kipimo cha maumivu na ulemavu, huyu wa maabara ana nafuu kuliko wa macho mapovu, tena kwa mbali.

Hesabu yake iko kwingine, mtoni. Watengenezaji walitegemea kwamba samaki anayewaka ataliwa haraka akitoroka. Maabara ya Chuo Kikuu cha Purdue ilitoa matokeo yaliyowaunga mkono kwa njia nyingine: wakiwekwa pamoja na zebrafish wa kawaida, madume wenye jeni la kung'aa kwa rangi nyekundu walishindwa kupata majike, na katika vizazi 15 jeni hilo likatoweka karibu katika makundi yote yaliyofuatiliwa. Lakini hapo walikuwepo zebrafish wa kawaida wa kushindana nao. Mwaka 2022 watafiti wa Brazili walieleza kuwakuta samaki hao wa kung'aa kwenye vijito vya kusini mashariki mwa nchi, karibu na mashamba ya samaki wa mapambo, wakila wadudu na kuzaliana. Zebrafish si wa mito ile. Hakukuwa na dume wa kuwashinda. Kwa hiyo wanaokataza wana sababu. Ila wasiilaumu jeni peke yake: samaki chotara aitwaye pembe ya maua, mwenye nundu kichwani, ametengenezwa kwa kupandisha tu, bila maabara, na ameshakuwa kero katika maji ya Malaysia na Singapore baada ya watu kuchoka naye wakamtupa.

Sheria nayo imechanganyikiwa kama sisi. Nchini Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inawahusu wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, na inakataza kuingilia nyama hai au mifupa yao bila sababu ya tiba au ruhusa maalumu. Ina kifungu kinachoiondoa shughuli ya kawaida ya uvuvi. Yule mwenye hoja ya kitoweo acheke hapo. Lakini inamshika anayefanya kitendo, na samaki wa rangi huchomwa ng'ambo kisha huletwa kwa ndege. Wakati huo huo, kuuza samaki wa kung'aa hapo Uingereza ni kosa. Mtu angeweza basi kumkuta dukani samaki aliyeumizwa, na asimkute yule ambaye hakuumizwa. Mbanano kwa wauza rangi ulitoka zaidi kwa wafugaji wenyewe: mwaka 1996 jarida lao moja lilianzisha kampeni, na maduka mengi yakaahidi kutoagiza. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 11b cha sheria yake kinakataza kuzalisha wanyama wenye uti wa mgongo kwa namna itakayowaletea maumivu au ulemavu. Kwa maoni yangu hao ndio walioielewa mada, hata kama kulitekeleza kwa samaki ni kazi.

Katikati ya yote yumo arowana wa Asia, samaki mrefu wa magamba makubwa ambaye mkataba wa biashara ya wanyama walio hatarini, CITES, umemweka kwenye orodha yake kali kabisa tangu 1975. Akiwa kwenye tangi la kioo jicho lake huweza kulegea na kutazama chini. Singapore wapo wanaomlaza kwa ganzi na kulirudisha jicho juu kwa upasuaji. Anatunzwa kuliko samaki kioo elfu kumi, lakini kwa faida ya nani? Hakulalamika kuhusu jicho. Samaki huyo huyo, akizalishwa shambani na kuuzwa nje, huwekwa kwa sindano kidude cha utambulisho mwilini, ili waliovuliwa porini wasipitishwe kama wa shamba. Sindano hii naikubali bila kigugumizi, kwa kuwa inawalinda ndugu zake walio mtoni. Upasuaji wa jicho unamlinda mwenye samaki asione haya mbele ya wageni.

Mtu wa kawaida afanye nini? Kwa samaki wa sindano, asinunue, hata kwa huruma. Najua mvuto wa kusema "nimwokoe huyu mmoja". Muuzaji haioni huruma. Anaona tangi limepungua, anaagiza wengine. Kwa wa kung'aa, anayeishi mahali wanaporuhusiwa afuge bila kujiona mkosaji, mradi asimwage tangi lake kwenye mto wala mfereji.

Kwa mbegu, nguvu iko mikononi mwa waamuzi wa maonyesho kuliko wa sheria. Ranchu wa Kijapani, samaki dhahabu wa kichwa kinene asiye na pezi la mgongoni, hupimwa pia kwa anavyoogelea: akiyumba, uzuri wake haumsaidii. Kwa sababu hiyo wafugaji wake hushughulikia mgongo na mkia mpaka samaki aende sawa. Kigezo kama hicho kingewafaa betta na wengine wengi: ashinde anayeweza kuubeba mkia wake mchana kutwa. Kwa macho mapovu sioni kigezo cha kumsaidia, kwa sababu kasoro ndiyo aina yenyewe. Ukimwondolea mifuko umepata samaki mwingine. Waliopo watunzwe vizuri mpaka mwisho wao. Wasizalishwe wengine.